Mkono wa Baba Kwenye Pazia la Kantele

Wekeni sabuni chini kwanza, wajukuu zangu. Na wewe Verdiana, tua hilo beseni. Najua mmetumwa kusafisha kanisa kabla ya Sikukuu, na najua mmeona nini. Kila aliyeingia hapa akiwa na umri wenu ameona kitu kile kile. Pazia lote la altare ni safi. Mbingu yake nyeupe, mwanakondoo wake mweupe, kanzu ya Baba nyeupe. Ila mkono mmoja tu, ule ulionyooshwa kuelekea barabara, ni mweusi kama sufuria ya kuni. Mimi nilipokuwa mdogo nililetea mkono ule majivu na limau. Nikapigwa kofi. Leo nina funguo za sakristia na sipigi mtu kofi. Kaeni kwenye mkeka niwaambie.

Zamani mkono ule ulikuwa mweupe. Zamani zaidi pazia lenyewe halikuwapo, ukuta huu ulikuwa ukuta tu, na Kantele ilikuwa nchi ya watu waliovaa walichokilima.

Pamba ilikua kule chini bondeni, ikapandishwa ukingoni kwa vikapu. Wanawake waliisokota, wanaume waliifuma. Nguo zetu zilikuwa za mistari: mweupe wa pamba yenyewe, mweusi wa tope la kinamasi, mwekundu wa magome. Mistari, mistari, mistari tu. Na mstari hauna kulia wala kushoto. Igeuze nguo utakavyo, mbele iwe nyuma, nyuma iwe mbele, ni nguo ile ile. Lishikeni hilo, maana tutalirudia.

Siku hizo mikono nayo ilikuwa na vyeo. Mkono wa kulia ulikula, ulisalimia, ulipokea, ulipitisha uzi kwenye kitanda cha kufumia. Wa kushoto ulifanya kazi ambazo hatuzitaji hapa ndani. Mtoto akionekana ana mashoto, mkono wake ulifungwa kiunoni kwa utepe wa nguo tangu asubuhi mpaka jioni, mwaka baada ya mwaka, mpaka usahau. Hakuna aliyeona ni mateso. Watu waliita malezi.

Katika nchi hiyo aliishi mfumaji aliyeitwa Desideri Mwanakalya. Watu walitembea siku mbili kumfuata. Nguo yake ilikuwa nzito bila kuwa ngumu, na kingo zake zilinyooka kama maji yaliyotulia. Mkewe Leokadia alisokota, yeye akafuma, na kwa miaka mingi nyumba yao ilikuwa na sauti mbili tu, sauti ya uzi unaozunguka na sauti ya uzi unaopigwa. Kisha akazaliwa mtoto wao mmoja, wa kwanza na wa mwisho, wakamwita Kastori.

Kastori alinyonya akishika titi kwa mkono wa kushoto. Alipoanza kutambaa, kila kilichong'aa alikifuata kwa kushoto. Alipofika miaka mitano baba yake alifuma utepe, akamfunga. Leokadia ndiye aliyesokota uzi wa utepe ule. Jambo hilo hakulisahau mpaka anakufa. Aliniambia mwenyewe, mimi nikiwa msichana ninayejifunza kusokota miguuni pake.

Basi mtoto akakua, mkono wa kulia ukatii. Ulitii kama anavyotii mtu aliyeamrishwa. Kastori akawa mfumaji, lakini nguo yake ilikuwa na kingo za ulevi, huku imebana, huku imelegea. Baba yake alikuwa akipita nyuma yake, anarekebisha, anasema, "Polepole. Utazoea." Na Kastori alisema, "Ndiyo, baba." Miaka kumi na miwili alisema ndiyo, baba.

Alipotimiza miaka kumi na saba, Desideri alishuka bondeni kuchuma pamba, akakaa siku tisa. Aliporudi alikuta kwenye kitanda cha kufumia kuna nguo imefika nusu. Aliigusa ukingo kwa vidole, kama alivyogusa kila nguo kabla ya kuitazama. Vidole vikasimama. Ukingo ulikuwa umenyooka.

"Nani kafuma hii?"

"Mimi, baba."

Desideri akacheka kwa furaha mpaka mkewe akatoka jikoni. Akamwita Leokadia aje aguse. Akasema, "Nilijua tu, nilijua!" Akainama tena kuitazama kazi. Hapo ndipo alipoona kwamba kijiti chenye uzi kimelazwa upande usio wake.

"Kwa mkono gani?" akauliza.

Kastori aliuinua wa kushoto.

Desideri hakupiga kelele. Leokadia alikuwa akisema, laiti angepiga kelele siku ile. Aliketi chini, akatafuta mwisho wa uzi, akaanza kufumua. Alifumua mstari mmoja, akafumua wa pili, akafumua tangu jua liko utosini mpaka linakaribia milima, mwanawe amesimama hapo hapo, mpaka zikabaki zile nyuzi za urefu peke yake, tupu. Kisha akasema, "Haya, anza upya. Kwa mkono wa watu."

Kulipokucha Kastori hakuwapo. Alikuwa amekwenda ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya shaba, walikokwenda vijana wengi wa huku. Alichoacha ni ule utepe wa utotoni. Alikuwa ameufunga kwenye mguu wa kitanda cha kufumia, mafundo mawili, umebana.

Desideri hakuufungua, wala hakulitaja tena jina la mwanawe. Mgeni akiuliza, "Kijana wako hajambo?" alisema, "Yuko safarini," akashika kazi yake. Mkewe, ambaye tangu uzazi wake alimwita mama Kastori, akamwita mama tu. Miaka kumi na mmoja alimwita mama tu. Nguo zake zilikuwa nzuri kama kwanza, kingo zake zilinyooka kama kwanza, na sauti za nyumba ile zilikuwa mbili kama kwanza, sauti ya uzi unaozunguka na sauti ya uzi unaopigwa. Ila ukikaa karibu, aliniambia Leokadia, ulisikia na ya tatu. Kila mlango wa jirani ulipolia, Desideri aliacha kupiga uzi kidogo. Kisha akaendelea.

Ndipo alipokuja Padri Anselmi, mtu wa kutoka mbali kaskazini, kwenye migomba. Alijenga kanisa hili pamoja na wazee wenu, tofali kwa tofali, na lilipoezekwa akatazama ukuta wa altare akauona mtupu. Baba Askofu angekuja kulibariki kanisa baada ya mavuno ya ulezi. Padri akaenda kwa Desideri.

"Nataka pazia," akasema. "Lisiwe la mistari. Nataka liwe na picha."

"Sijawahi kufuma picha."

"Nitakuchorea kwenye mkeka. Tutautandaza chini ya nyuzi zako. Wewe ufuate unachokiona."

Picha aliyoitaka ni hii mnayoiona. Padri alimsomea Desideri habari ya yule baba aliyekuwa na mtoto aliyeondoka nyumbani, na yule baba akamngoja, na alipomwona angali mbali akamkimbilia. Alimweleza kila kitu maana yake. Mlango ni Kristo, kwa sababu ndipo watu wanapopita. Mwanakondoo pale kizingitini ni Kristo pia. Ukingo wa nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja ni Mungu, watatu katika mmoja. Pete na viatu pale chini ni mambo anayorudishiwa aliyepotea. Na juu ya mlango utambae mzabibu wenye matunda.

"Mzabibu ndio nini?"

Padri akaeleza: mmea, na matunda madogo ya mviringo yaliyoshikana, ambayo watu wa kule hutengenezea kinywaji cha kuleta furaha. Desideri akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Ndiyo maana mzabibu wetu, mkiutazama vizuri, unazaa ulezi. Msicheke. Ulezi nao una punje za mviringo zilizoshikana, na kinywaji chake babu zenu wanakijua.

Mbingu ikawa nyeupe kwa sababu hatukuwa na rangi ya buluu. Padri alisema haidhuru, nyeupe ni rangi ya ufufuko.

Alipomaliza kueleza, Desideri aliuliza, "Huyo baba alikosa nini?"

"Hakukosa kitu, mzee wangu. Aliyekosa ni mtoto."

"Katika hadithi yako," akasema Desideri.

Siku ya kuchora, Padri alichora nyumba, akachora mlango, akachora Baba amesimama mlangoni, mkono wa kushoto ameshika mhimili ili mlango usijifunge, mkono wa kulia ameunyoosha barabarani. Lakini kiganja kilimshinda, mara kikawa kama jani, mara kama uma. Desideri akapiga magoti, akalaza mkono wake wa kulia juu ya mkeka, kiganja kikitazama juu. "Pitisha makaa kandokando," akasema. Padri akapitisha makaa. Kwa hiyo kiganja kile si cha mtu wa kubuni. Ni cha Desideri Mwanakalya, vidole vyake, upana wake, na kovu lake chini ya kidole gumba, pale uzi ulipomkata ujanani.

Alifuma miezi mitano. Leokadia alisokota miezi mitano. Hapo ndipo linapoingia lile nililowaambia mlishike. Mfumaji wa huku hufuma nguo ikiwa imelala kifudifudi. Mafundo yote, na ncha zote za nyuzi, humtazama yeye. Uso wa nguo hutazama chini. Kwa mistari hilo halina neno. Tangu dunia iumbwe halikuwahi kuwa na neno hapa Kantele. Desideri alifuata mkeka uzi kwa uzi, mkono wa kulia mahali pa mkono wa kulia, na hakuna hata mmoja kati yao, si yeye, si Padri, si Leokadia, aliyefikiri kwamba siku nguo itakapogeuzwa, kila kitu kitageuka nayo.

Ilibaki wiki moja kabla ya Askofu kufika. Pazia lilikatwa kutoka kitandani, wanaume sita wakalibeba limeviringishwa, wakalipandisha kwa kamba ukutani mbele ya watu wote waliokuja kutazama. Lilipofunguka, wanawake walipiga vigelegele. Vikafika katikati, vikakatika.

Katekista Yovini ndiye aliyesema. Alikuwa mtu wa sauti kubwa hata akinong'ona. "Yesu na Maria! Baba wa mbinguni anatupokea kwa kushoto!"

Wengine wakacheka, wengine wakajificha midomo kwa khanga. Mama mmoja akamziba mwanawe macho. Padri alikimbilia mkeka wake, akautazama, akatazama ukuta, akatazama mkeka. Kisha akaelewa, akajishika kichwa.

"Hakuna shida," akasema Yovini. "Tuligeuze. Tulitundike nyuma kuwe mbele."

"Waamini watazame mafundo?" akauliza Padri. "Baba asiye na sura, mwanakondoo mwenye manyoya ya ncha za nyuzi?"

"Basi likatwe lile tu. Mzee akate mkono, aushone upya. Wiki nzima iko. Mzee Desideri, si inawezekana?"

Watu wote wakamgeukia Desideri. Inawezekana, kwa fundi kama yeye ilikuwa kazi ya siku nne. Lakini Desideri hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amekwenda mpaka ukutani, amesimama chini ya pazia lake mwenyewe kama mgeni. Alitazama kiganja. Kovu lilikuwa pale. Kilikuwa chake, nacho kilikuwa cha kushoto. Alitazama muda mrefu, mpaka wale walioshika kamba wakachoka mikono, na hakuna aliyethubutu kumwambia mzee harakisha.

Padri akaja taratibu, akamwekea mkono begani. "Tutafumua mkono huu mmoja tu, mzee wangu. Mengine yote yatabaki."

"Mkono huu nilishaufumua mara moja, Padri," akasema Desideri. "Siufumui tena."

Akageuka, akamtafuta mkewe kati ya wanawake. Akamwita mbele ya watu wote, kwa jina ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka kumi na mmoja. "Mama Kastori! Njoo utazame. Huyu ni mkono wa nani?"

Leokadia aliniambia kwamba alikaa chini pale pale sakafuni.

Padri angeweza kulazimisha. Alikuwa na Askofu njiani, na aibu ya kanisa lililobarikiwa likiwa na kosa ingekuwa yake. Lakini naye alikuwa na mama yake mbali kule kaskazini, ambaye hakuwa amemwona tangu alipovaa kanzu. Akawaambia wanaume wafunge kamba.

Baba Askofu alipofika alilitazama pazia kabla ya kubariki kitu chochote. Akauliza mfumaji ni nani. Desideri akasimama.

"Mbona kushoto, mzee?"

"Nimekosea, Baba Askofu."

"Litarekebishwa lini?"

"Mwanangu akirudi. Yeye ndiye fundi wa mkono huo."

Askofu alikuwa mzee, alishazika watu wengi. Akasema, "Basi tumngoje wote," akalinyunyizia maji ya baraka, likalowa, na kosa lake.

Tangu hapo kila kijana aliyeelekea migodini alipitishwa nyumbani kwa Desideri. Mzee alimpa karanga za njiani na maneno yale yale: "Ukimwona Kastori Mwanakalya, mwambie pazia la kanisa lina kosa, aje alirekebishe." Hakuongeza, hakupunguza. Wengine walisahau maneno karanga zilipoisha. Wengine hawakumpata, maana migodi ni mingi na shimo ni refu. Desideri hakulalamika. Akahamia benchi la mwisho, lile lililo karibu na mlango, na wakati wa mahubiri uso wake ulikuwa altareni na sikio lake lilikuwa barabarani. Alingoja mavuno manne. Kabla ya mavuno ya tano alilala akiwa na homa, hakuamka. Watu walimzika kwa nguo ya mistari aliyoifuma mwenyewe.

Ujumbe wake haukufika. Kilichofika ni kichekesho.

Siku moja kule mgodini, wanaume walikuwa wakipumzika baada ya zamu, wanakunywa chai. Kulikuwa na kijana mgeni aliyetoka kijiji cha jirani na Kantele, hajui nani ni nani. Akataka kuchekesha watu.

"Ninyi mnajua kule kwetu Mungu ana mashoto?"

"Acha kukufuru, dogo!"

"Haki ya nani! Yupo kanisani Kantele, amesimama mlangoni, anapokea wakosefu kwa kushoto. Alimfuma mzee mmoja, akamgeuza bila kujua. Na mzee mwenyewe mbishi! Padri kasema lirekebishwe, kakataa. Askofu kauliza, kasema anamngoja fundi."

"Fundi gani?"

"Mwanawe. Alipotelea huku huku migodini, eti naye ana mashoto."

Walicheka sana. Mtu mmoja tu hakucheka, na wenzake wakamwangalia, kisha wakaangalia kikombe chake, kisha wakaangalia mkono ulioshika kikombe. Kicheko kikafa kimoja kimoja. Kastori akaweka kikombe chini. Akamwambia kijana, "Rudia. Mzee alisema anamngoja nani?"

Kijana akarudia, safari hii bila utani.

Kesho yake Kastori aliomba ruhusa. Alisafiri siku sita, na kutoka mpakani alipata nafasi juu ya lori la mkaa, akakaa juu ya magunia, ameshika kamba. Alifika hapa saa saba mchana. Nyumba yao ilikuwa imefungwa, mama yake yuko shambani kwenye ulezi. Kanisa lilikuwa wazi. Akaingia.

Hakuna aliyeona alipoingia, kwa hiyo sitawaambia alilia au hakulia. Nitawaambia alichofanya, kwa maana kilibaki. Alikwenda mpaka ukutani, upande wa barabara ile iliyofumwa, akasimama mahali anaposimama mtoto wa hadithi. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, mweusi kwa mkaa wa lori, akauweka ndani ya mkono wa baba yake. Kiganja juu ya kiganja, kama watu wanavyosalimiana. Akakaa hivyo.

Leokadia aliambiwa njiani kwamba kuna mwanamume mgeni kanisani. Aliingia na jembe lake begani. Alimwona kwa nyuma. Miaka kumi na saba, na alimjua kwa kisigino.

"Umeuchafua," akasema.

Kastori akageuka, akautazama mkono uliofumwa, akaona alama ya vidole vyake vitano. "Sikunawa, mama."

"Lini ulinawa wewe? Tangu utotoni ni vita."

Wakacheka, na katika kicheko kile kile akamuuliza, "Baba yuko wapi?"

Leokadia akamwonyesha benchi la mwisho. "Alikungoja pale. Mavuno mawili yamepita bila yeye."

Kastori alikwenda akakaa kwenye benchi lile. Leokadia akakaa kando yake. Kastori akasema, "Niletee maji, mama, niuoshe mkono wake."

"Acha," akasema Leokadia. "Ameshakupokea. Unamwoshea nini?"

Jumapili watu walijaa. Yovini alitangaza kwa sauti yake kwamba fundi amefika, na sasa kosa la miaka sita litarekebishwa, Mungu asifiwe. Wakaleta ngazi, wakaleta uzi mweupe aliosokota Leokadia. Kastori alisimama mbele ya pazia. Aliligusa ukingo kwa vidole kabla ya kulitazama, kama alivyofanya baba yake. Akatazama mlango, na ulezi uliojaa juu yake, na mhimili ulioshikwa usijifunge, na mkono.

"Sioni kosa," akasema.

Akarudi nyumbani, akaufungua ule utepe kwenye mguu wa kitanda, fundo moja, fundo la pili. Ndio ule pale juu, mnauona? Ule mwembamba wenye mistari. Ndio unaofunga pazia kwenye mti wake. Kisha akaketi kufuma, na nyumba ile ikawa tena na sauti mbili.

Na tangu siku hiyo, kila mtu wa Kantele anayerudi kutoka mbali, mgodini, mjini, jeshini, gerezani, haendi nyumbani kwanza. Anakuja hapa na vumbi lake, na jasho lake, na grisi ya gari aliyopanda, wala hanawi. Anaweka mkono wa kushoto kwenye mkono wa Baba. Ndiyo maana umekuwa mweusi. Si uchafu ule, wajukuu zangu. Ni watu waliofika. Na tangu siku hiyo, katika nchi hii, hakuna mtoto aliyefungwa mkono. Verdiana, uliingia na beseni mkono wa kulia, na sabuni je? Uliishika kwa mkono gani? Umeona. Na hakuna aliyekuuliza.

Haya, chukueni maji. Osheni sakafu, osheni mabenchi, panguseni vumbi kwenye mwanakondoo taratibu, ni mzee. Mkono ule msiuguse. Mkisogea karibu mtaona pale chini ya kidole gumba, kwenye kovu, bado pana weupe kidogo, upana wa kidole kimoja. Huwa nautazama kila asubuhi nikifungua kanisa. Kuna binti yangu mimi, aliondoka, hajafika.